Safari ndefu ya kazini: Iwe afya na ibada, isiwe maradhi



 Katika safu yetu leo tutazungumzia jambo ambalo wengi wetu tunalifanya kila siku bila kulihesabu kuwa ni jambo la afya. Nalo ni kukaa ndani ya gari muda mrefu wakati wa kwenda kazini na kurudi nyumbani.

Chukua mfano wa Muislamu anayeishi Kibaha na kufanya kazi Kariakoo. Masafa yake ni kilometa zipatazo 40 tu, lakini kwa foleni anaweza kutumia saa moja na nusu asubuhi na saa moja na nusu jioni. Hizo ni saa 3 kwa siku. Kwa siku 22 za kazi ni saa 66 kwa mwezi. Ukimtolea mwezi mmoja wa likizo, kwa mwaka anapata saa 726, ambazo ni sawa na siku 30 kamili, usiku na mchana. Kwa maneno mengine, kila mwaka mtu huyu anaishi mwezi mzima nyuma ya usukani! Wa Mbagala, Chanika, Bunju na Kongowe nao wapige hesabu zao, kadhalika ndugu zetu wa Mombasa na Nairobi.

Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.), Mtume (s.a.w.) ametutajia neema mbili ambazo watu wengi wanapata hasara kwazo, nazo ni afya na wasaa. Mwenye gari anaweza kuzipoteza zote mbili kwa pamoja akiwa amekaa kwenye foleni. Wakati unapita bure, na mwili nao unaharibika. Lakini akijipanga, mwezi huo huo unaweza kumrudishia afya na thawabu. Tuone vipi, inshaallah.

Mwili unapokaa sana

Allah (s.w.) ameuumba mwili wa mwanadamu uwe wa kutembea. Misuli ya shavu la mguu inapojikunja na kujikunjua, husaidia kuisukuma damu ipande juu kurudi kwenye moyo. Unapokaa muda mrefu miguu ikiwa imening'inia, damu hupungua kasi na kutuama miguuni. Ndiyo maana mtu hushuka garini jioni akaona viatu vinambana na soksi zimeacha alama.

Kwa watu wachache, damu iliyotuama inaweza kuganda na kuwa donge ndani ya mshipa wa mguu, na donge hilo likichomoka na kufika kwenye mapafu linaweza kuua. Utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani na kutolewa mwaka 2007 ulionyesha kuwa hatari hiyo huongezeka takriban mara mbili kwa mtu anayekaa safarini saa 4 au zaidi bila kujinyoosha, awe kwenye ndege, basi, treni au gari. Usiogope kupita kiasi, kwani bado ni wachache wanaopatwa. Lakini mwenye unene mkubwa, mama mjamzito au aliyejifungua karibuni, na aliyefanyiwa upasuaji karibuni, wawe makini zaidi. Ukiona mguu mmoja umevimba, una joto na unauma kwenye shavu la mguu, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usiukande wala usisubiri.

Tatizo la pili ni mgongo. Wengi wetu tunaendesha tukiwa tumejikunja kama tunaotafuta kitu kilichoanguka. Rekebisha kiti kabla ya kuwasha gari. Kisogeze mpaka uweze kukanyaga breki hadi mwisho huku goti likiwa limekunjika kidogo. Mgongo wote uguse kiti, na kama kiuno kinabaki hewani weka taulo dogo lililokunjwa. Ukiwa umeegemea, nyoosha mkono mbele. Kifundo cha mkono kinatakiwa kifike juu ya usukani bila bega kuacha kiti. Aidha, toa pochi kwenye mfuko wa nyuma wa suruali. Kukalia pochi nene kila siku huinamisha nyonga na kubana mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni. Wapo wanaohangaika na maumivu ya mguu mmoja kwa miezi kumbe chanzo ni pochi.

Kuhusu mavazi, kanzu ndefu na buibui vikunjwe vizuri visishuke kwenye pedali, na ndala zisitumike kuendeshea kwa sababu huteleza na kuingia chini ya breki. Mkanda ufungwe na kila mtu, hata kama ni mwendo wa kwenda msikitini tu. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa mkanda unaweza kupunguza hatari ya kifo kwa waliokaa mbele hadi kufikia nusu. Mama mjamzito naye afunge. Mkanda wa chini upite chini ya tumbo juu ya mifupa ya nyonga, na ule wa juu upite katikati ya matiti na pembeni ya tumbo.

Usingizi ni kama ulevi

Ndugu msomaji, hapa pana jambo zito. Watafiti wamewapima watu waliokaa macho saa 17 mfululizo, wakakuta uwezo wao wa kuitikia jambo la ghafla umeshuka sawa na wa mtu mwenye pombe kwenye damu kwa kiwango cha asilimia 0.05. Hicho ndicho kiwango ambacho nchi nyingi zimekiweka kuwa mwisho kwa dereva. Aliyekaa macho saa 24 anakuwa sawa na mwenye asilimia 0.10, yaani mara mbili yake.

Hebu tafakari. Muislamu aliyeamka saa kumi alfajiri, akafanya kazi kutwa, akapitia kwenye biashara yake ya jioni na kuanza kurudi nyumbani saa tatu usiku, amekaa macho saa 17. Hajawahi kuonja pombe maishani mwake, lakini mikono na macho yake barabarani ni ya mtu aliyekunywa. Mbele yake kuna mama anavuka na mtoto. Je, atamjibu nini Mola wake?

Dalili za usingizi ni kupiga miayo mfululizo, kope kuwa nzito, kukosa kukumbuka kilometa chache zilizopita, na gari kuhama mstari. Kufungua dirisha au kuongeza sauti ya redio hakuondoi usingizi. Dawa yake ni kusimama mahali salama na kulala dakika 15 hadi 20. Ukichelewa kufika nyumbani, umefika. Wapo pia wanaokunywa dawa za mafua na za mzio bila kujua kuwa baadhi yake huleta usingizi. Muulize mfamasia kabla ya kushika usukani.

Swala ndiyo kituo chako

Sasa tuje kwenye tiba, na tiba hii tunayo nyumbani. Mwendo wa jioni kwa wengi huangukia wakati wa Magharibi. Dar es Salaam jua huzama kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi na saa moja kasoro dakika kumi, kutegemea msimu. Wakati huo ndipo foleni inapokuwa imefurika. Wengi husema, "Nitaswali nikifika," kisha wakafika Isha imeingia. Wengine hudhani kwamba kwa kuwa wako safarini basi wana ruhusa ya msafiri. Kwa kauli mashuhuri katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, masafa ya kupunguza swala ni kilometa 80 na zaidi. Wa Kibaha hajayafikia. Mwenye udhuru maalumu amuulize sheikh wake, asijitolee fatwa mwenyewe.

Hivyo basi, ifanye swala ya Magharibi kuwa kituo cha safari yako. Chagua msikiti mmoja ulio upande wako wa barabara, wenye mahali pa kuegesha gari, na uujue tangu asubuhi kuwa jioni utashuka hapo. Ukishuka umetembea hatua kadhaa, na damu iliyotuama miguuni imeanza kupanda. Umekwenda msalani. Umetawadha, maji baridi yamegusa uso na miguu, na uchovu umepungua. Umerukuu, na misuli ya nyuma ya mapaja na ya kiuno imenyooka. Umesujudu na umekaa, magoti na vifundo vimekunjwa na kukunjuliwa. Na baada ya dakika 15 barabara nayo huenda imepungua magari.

Tuelewane vizuri. Hatuswali kwa ajili ya mazoezi. Tunaswali kwa sababu Allah (s.w.) ametuamrisha. Lakini ni katika rehma zake kwamba aliyeshuka kuitekeleza faradhi kwa wakati amekipa kiwiliwili chake pumziko ambalo daktari angemwandikia.

Asubuhi hali ni hiyo hiyo. Alfajiri ya Dar es Salaam huingia kati ya saa kumi na nusu na saa kumi na moja na nusu. Anayetaka kuwahi foleni asiondoke kabla ya wakati kuingia kwa matarajio ya kuswali mbele ya safari, kwani foleni haina ahadi na jua halisubiri. Ni bora aswali msikiti wa mtaani kwake, kisha aondoke akiwa na udhu.

Maji na haja ndogo

Madereva wengi wameiogopa foleni hadi wakaacha kunywa maji. Hili ni kosa. Mwili ukikosa maji, mkojo huwa mzito, na hali hiyo ikiendelea huleta mawe kwenye figo na kurahisisha maambukizi ya njia ya mkojo, hasa kwa kina mama. Kichwa huuma na umakini hupungua. Kunywa gilasi ya maji unapoamka, kunywa ya kutosha ukiwa kazini, na ndani ya gari kunywa mafunda machache machache. Punguza chai ya rangi na kahawa kabla ya safari, kwani huongeza haja ya kukojoa. Angalia rangi ya mkojo wako. Ukiwa na rangi hafifu kama ya majani makavu ni dalili njema, na ukiwa kama chai ya rangi kunywa maji.

Kuhusu kubana haja, Mtume (s.a.w.) ametukataza kuswali huku tunasukumwa na haja kubwa au ndogo, kama ilivyo katika hadithi ya Bibi Aisha (r.a.) iliyopokewa na Muslim. Ikiwa hata swala inasubiri mtu atoke msalani, vipi foleni isisubiri? Nenda msalani kabla ya kuondoka nyumbani na kabla ya kuondoka kazini, hata kama huhisi haja.

Lakini tusiende upande wa pili tukawa watu wa kusimama kando ya barabara. Mtume (s.a.w.) ametuonya tusijisaidie kwenye njia ya watu wala kwenye kivuli wanachopumzikia. Tumia vyoo vya msikiti, vituo vya mafuta au stendi. Na ukitumia choo cha msikiti mwagia maji, acha kopo mahali pake, na utie chochote kwenye sanduku. Maji na sabuni zile kuna mtu amezilipia.

Masikio na ulimi

Macho na mikono ya dereva vina kazi. Vilivyo huru ni masikio na ulimi. Anza kwa dua ya kupanda kipando iliyomo katika Suratul Zukhruf, aya ya 13 na ya 14. Wafundishe watoto unaowapeleka shule waisome kwa sauti wakati mkanda unafungwa, na baada ya mwezi watakukumbusha wewe.

Kisha leta nyiradi za asubuhi, na jioni leta za jioni. Ukimaliza, weka kisomo cha Qur'an. Kwa msomaji wa mwendo wa wastani, juzuu moja husikilizwa kwa muda unaokaribia saa moja. Anayesikiliza saa moja na nusu ya asubuhi pekee anaweza kumaliza juzuu zote 30 kwa siku 20 za kazi, yaani khitma moja kila mwezi. Anayetaka kuhifadhi achague sura moja fupi na kuirudia wiki nzima, aya mbili au tatu kwa siku, kisha jioni aisome mbele ya watu wa nyumbani kwake wamsahihishe. Jioni pia panafaa darsa za masheikh au kipindi cha afya redioni.

Angalizo ni moja. Yote haya yaandaliwe kabla ya gari kuondoka. Simu iwekwe mahali ambapo mkono haufiki. Gari linalokwenda kilometa 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Ukiinamia simu sekunde 5 kutafuta kisomo au kusoma ujumbe, umepita mita 110 bila kuona, zaidi ya urefu wa uwanja wa mpira. Shirika la Afya Duniani linasema dereva anayetumia simu yuko katika hatari ya ajali takriban mara nne zaidi ya asiyeitumia. Na pale barabara inapokuwa ngumu, penye mvua, bodaboda wengi au mataa yaliyozimika, zima hata kisomo. Kisomo kinahitaji usikivu, na barabara ile inauhitaji vilevile.

Ukiwa na kiti kitupu, mchukue jirani mnayeelekea njia moja. Atakusaidia kukaa macho, na utakuwa umemwondolea muumini dhiki. Mjihadhari tu msiigeuze safari kuwa baraza la kuwasengenya wa ofisini, thawabu zote zikaishia njiani.

Hasira za barabarani

Daladala limekuchomekea, na wa nyuma anapiga honi. Damu inachemka. Katika hali hiyo moyo huenda mbio, mishipa hubana na presha hupanda. Kwa mwenye maradhi ya moyo au shinikizo la damu, jambo hili likirudiwa asubuhi na jioni si dogo.

Mtume (s.a.w.) alipoombwa nasaha na mtu mmoja alimkataza kughadhibika, na akalirudia neno hilo. Pia ametufundisha kuwa mwenye hasira akiwa amesimama akae. Dereva tayari amekaa! Kilichobaki kwake ni kujikinga kwa Allah (s.w.) kutokana na shetani, kunyamaza, na kuvuta pumzi taratibu kupitia puani na kuitoa polepole mara tano. Mpishe apite. Gari likiwa limesimama kabisa na breki ya mkono imevutwa, pandisha mabega na kuyashusha, kaza tumbo na kulilegeza, zungusha vifundo vya miguu. Foleni itakuwa imekupa mazoezi badala ya presha.

Usafi wa gari

Gari ni chumba unachoishi saa 3 kwa siku, hivyo linastahili usafi wa chumba. Futa usukani na giya kwa kitambaa chenye sabuni angalau mara moja kwa wiki, kwani vinashikwa na mikono iliyoshika noti na kukoholewa. Kung'uta mazulia ya chini na wakati wa matengenezo mwambie fundi akague chujio la hewa la ndani, hasa kwa mwenye pumu. Usibakishe chakula garini, kwa sababu joto la gari lililofungwa juani hukichachisha upesi. Chupa tupu zisizagae sakafuni, maana moja ikiviringika chini ya breki ni balaa. Wala zisitupwe dirishani. Kuondoa kero njiani ni sehemu ya imani, basi anayeitupa je?

Wenye hali maalumu

Katika mwezi wa Ramadhani, nusu saa kabla ya Magharibi watu hukimbiza magari wakiwahi futari. Weka tende tatu na chupa ya maji ndani ya gari. Adhana ikiadhiniwa, simama kando ufuturu, uipate sunna ya kuharakisha futari bila kuharakisha ajali.

Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au vidonge vinavyoweza kushusha sana sukari asiendeshe kabla ya kula, na apime sukari kabla ya safari. Akihisi kutetemeka, jasho jembamba au macho kufifia, asimame mara moja, ale kitu chenye sukari, na asiondoke mpaka apate nafuu kamili na kutimiza dakika 45. Kitu hicho kiwe garini siku zote, na mwezi wa funga ashauriane na daktari wake mapema.

Ndugu msomaji, huwezi kuiondoa foleni kwa mkono wako. Barabara ya juu ya TAZARA ilifunguliwa mwaka 2018 na ile ya Ubungo mwaka 2021, na bado tunakaa barabarani. Ulichonacho mkononi ni namna ya kukaa. Anza jioni ya leo na jambo moja tu, uchague msikiti wako wa Magharibi njiani. Maji, udhu, msalani, hatua chache na sijda utavikuta hapo hapo.

Tunamuomba Allah (s.w.) azibariki safari zetu, atufikishe salama kwa familia zetu, na aujaalie mwezi huo wa barabarani kila mwaka uwe kwenye mizani yetu ya mema. Aamin.

Wabillahi tawfiq.